Bao Halina Kiwanda

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakipita barazani bila kukitazama mara mbili. Nataka tuzungumze juu ya bao. Simaanishi bao la mpira wa miguu, ingawa watangazaji wa mpira wanalipigia kelele neno hilo kila mwisho wa wiki. Wala simaanishi bao la mganga apigaye ramli. Nazungumzia ule ubao mnene wenye mashimo 32, ambao wazee wawili huuinamia tangu alasiri hadi mwadhini anapoita.

Swali langu ni dogo. Bao linatengenezwa wapi? Ukinunua redio, mgongoni mwake pameandikwa nchi ilikotoka. Ukinunua karata, pakiti yake ina jina la kampuni. Bao halina jina la kampuni, halina karatasi ya maelekezo, na hakuna kiwanda kinacholidai. Hata hivyo limeenea. Liko Unguja na Pemba, liko Mombasa na Lamu, liko Malawi ambako wanaliita bawo. Waganda wana ndugu yake, omweso, mwenye safu 4 za mashimo 8 na kete 64 kama letu. Wakomoro wana mraha.

Kitu kisicho na kiwanda kimewezaje kufika kote huko? Na je, kitaendelea kuishi katika siku hizi ambazo kila kinachochezewa kinatoka dukani au kwenye simu? Ili tujibu, hatuna haja ya kwenda mbali. Tupande basi tutoke Dar es Salaam, tufike Kisarawe, kisha tuvuke upande wa pili hadi Kibaha. Wilaya hizo mbili za Mkoa wa Pwani ni majirani, na kila moja ina jambo la kutufundisha.

Tuanze na Kisarawe, kwa kuwa huko ndiko kwenye mti.

Kisarawe iko kusini magharibi ya Dar es Salaam, katika vilima vya Pugu. Ni nchi ya Wazaramo, na Mzaramo na mti wamezoeana siku nyingi. Katika makumbusho ya Ulaya kuna vinyago vidogo vya Kizaramo viitwavyo mwana hiti, vyenye kichwa na kiwiliwili bila mikono wala miguu, alivyokuwa akipewa mwali wakati wa kuwekwa ndani. Mikono iliyozoea kutoa sura ya mtu katika kipande cha mti haitishwi na kazi ya kukomba mashimo 32.

Nimewatazama mafundi wa upande huo wakichonga bao, na nitaieleza kazi hiyo hatua kwa hatua, maana ndani yake kuna ubunifu ambao sisi wa mjini hatuuoni tunapoliona bao limekwisha kamilika.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mti. Mninga unapendwa kwa sababu haupindi ovyo ukikauka, na tezo inaupita vizuri. Mkongo na mvule pia hufaa. Asiyepata hiyo hutafuta mwembe au mfenesi uliochoka kuzaa. Fundi hukwepa kiini cha gogo, kwani ubao wenye kiini ndani yake hupasuka. Kisha ubao hukaushwa kivulini. Mwenye haraka akiuanika juani atapata bao lenye ufa katikati, na kete zitamezwa na ule ufa.

Hatua ya pili ni vipimo, na hapa ndipo mchoraji wa ofisini angeshangaa. Fundi hashiki futi kamba. Kipimo chake ni mkono wa mchezaji. Kila shimo lazima likubali ncha za vidole na litoe kete zote kwa mkupuo mmoja. Likiwa na kina kifupi, kete zitaruka nje mchezo ukichangamka. Likiwa refu mno, vidole vitakuwa vinachakura kama kuku. Kati ya shimo na shimo pabaki ukuta wa kutosha, usije ukavunjika baada ya miaka miwili. Safu ziwe 4, mbili za kwako na mbili za mwenzako, na kila safu iwe na mashimo 8.

Halafu inakuja nyumba. Katika safu ya mbele ya kila mchezaji, shimo la nne kutoka mkono wake wa kulia huchongwa la mraba, tofauti na mengine yaliyo ya duara. Hilo ndilo nyumba. Lina sheria zake, na kete zinaweza kujaa humo hadi mwenyewe aamue kusafiri nazo. Fundi amelifanya la mraba ili jicho lilitambue bila kuhesabu. Ukiikuta nyumba imewekwa mahali pasipo pake, ujue bao hilo limechongwa na mtu asiyecheza, na limekusudiwa kuning'inizwa ukutani kwa mgeni.

Hatua ya tatu ni kulainisha. Leo fundi hununua msasa dukani, ile karatasi yenye mchanga. Lakini msasa ni jina la mti, wenye majani yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Majani hayo ndiyo yaliyokuwa yakisugulia mbao kabla karatasi ile haijafika, na karatasi ikarithi jina la jani. Baada ya kusugua, bao hupakwa mafuta, na mikono ya wachezaji humalizia kazi kwa miaka inayofuata. Bao la zamani hung'aa ndani ya mashimo kuliko nje.

Hatua ya nne ni kete. Pwani, kete bora ni komwe, mbegu za mkomwe, kichaka chenye miiba kinachoota karibu na bahari. Ni mbegu za rangi ya kijivu, ngumu kama jiwe na nyepesi kiasi cha kuelea majini. Asiye na komwe hutumia mbegu nyingine au kokoto. Na asiye na ubao? Huchimba mashimo 32 ardhini, chini ya mwembe, na mchezo unaanza. Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo penye jibu la kwanza la swali letu. Bao limeenea kwa sababu gharama yake ya chini kabisa ni kidole na udongo. Mchungaji na mvuvi wanaweza kuwa nalo sawasawa na liwali.

Lakini ubao ni nusu tu ya mchezo. Nusu ya pili ni sheria, nazo pia zilibuniwa na watu, ingawa hatuna majina yao. Hebu tuzitazame kidogo kama tulivyotazama tezo na patasi.

Kete ni 64, kila mchezaji 32. Katika bao la Kiswahili lenyewe, kila mmoja huanza kwa kuweka kete 6 katika nyumba, 2 katika shimo linalofuata kulia, na 2 katika linalofuata tena. Hizo ni 10. Zilizobaki 22 hukaa mkononi, na kila zamu huingizwa moja. Hiyo ndiyo awamu ya kunamua. Kete za mkononi zikiisha, huanza awamu ya mtaji, ambayo unacheza kwa kilichomo ubaoni tu. Tazama neno hilo. Mfanyabiashara husema hana mtaji, na mcheza bao naye husema hana mtaji, akimaanisha kwamba hana njia ya kula kete za mwenzake.

Anayejifunza haanzi huko. Amewekewa bao la kujifunza, ambalo kila shimo lina kete 2 na hakuna za mkononi. Mtu aliyebuni ngazi hiyo alikuwa mwalimu, hata kama hakuwahi kushika chaki.

Na sasa jambo ninalolipenda kuliko yote. Katika drafti, kete ikiliwa inatolewa nje. Katika sataranji, askari akiuawa analazwa pembeni. Katika bao, kete iliyoliwa haifi. Anayeila huitembeza upande wake, kuanzia kichwa cha safu yake, nayo inaanza kumfanyia kazi bwana mpya. Dakika kumi baadaye inaweza kurudi ilikotoka. Mchezo unaanza na kete 64 na unakwisha na kete 64. Anayeshindwa ni yule ambaye safu yake ya mbele imekuwa tupu, au ambaye hana tena hatua ya kucheza. Kete zote zipo, ila mlango wake hauna mtu.

Hesabu ya mchezo huu si ya mzaha. Hatua moja inaweza kuzunguka ubao mara kadhaa kabla ya kutua, na mchezaji mzuri huiona mwisho wake kabla hajagusa kete. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alikwenda Zanzibar kukaa na wachezaji wakubwa na kupima uwezo wao wa kukumbuka na kukokotoa, na mwaka 1995 akatoa tasnifu juu yao katika Chuo Kikuu cha Leiden. Wachezaji wa namna hiyo kwetu huitwa mafundi. Angalia basi: aliyechonga ni fundi, na anayecheza ni fundi. Kiswahili kimewapa cheo kimoja.

Huku kwetu wako waliokuwa na vyeo vikubwa zaidi waliokaa mbele ya ubao huo. Mwalimu Julius Nyerere, aliyefundisha sekondari ya Mtakatifu Fransisko huko Pugu kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya kazi ya TANU, alikuwa mpenzi wa bao, na picha zake akicheza zinafahamika kwa wengi.

Sasa naomba tutoke kidogo nje ya nchi, ili tuone tofauti kati ya mchezo wa nyumbani na mchezo wa kiwanda.

Huko Marekani, mwanamke aitwaye Elizabeth Magie alipata hataza mwaka 1904, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, kwa mchezo wa ubao aliouita The Landlord's Game. Alitaka kuonyesha ubaya wa watu wachache kuhodhi ardhi na kuwakamua wapangaji. Watu waliupenda, wakawa wanajichorea ubao wao wenyewe majumbani, kila mji ukiweka majina ya mitaa yake. Ulikuwa unakwenda kama bao letu, kutoka mkono hadi mkono. Kisha bwana mmoja, Charles Darrow, aliyekuwa hana kazi wakati wa mdororo wa uchumi, akaanza kutengeneza nakala nyumbani kwake na kuziuza. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikaununua kwake, na dunia ikaujua kwa jina la Monopoly. Darrow akatajirika. Mama Magie, ambaye hataza yake nayo ilinunuliwa, alilipwa dola 500. Mchezo uliobuniwa kuwasema wenye kuhodhi ukahodhiwa wenyewe.

Wala msidhani jamii yetu ya michezo ilisalimika. Mwaka 1940 Mmarekani William Julius Champion alibuni mchezo wa safu 2 za mashimo 6, wenye ghala moja kila upande, akauita Kalah. Ni wa ukoo uleule wa bao, ukoo ambao umetapakaa Afrika nzima na sehemu za Asia. Katika miaka ya 1950 akaupatia hataza, na baadaye akafungua kampuni ya kuuuza. Watoto wengi wa Marekani waliojifunza kutawanya mbegu katika mashimo walijifunza kutoka katika sanduku lenye jina la kampuni.

Sisemi haya ili tulalamike kwamba tumeibiwa. Bao lenyewe hakuna aliyelichukua. Liko palepale barazani, na yeyote mwenye tezo anaweza kuchonga lingine kesho asubuhi bila kumlipa mtu hata senti. Hilo ndilo faida ya kitu kisicho na kiwanda: hakiwezi kununuliwa kikafungiwa kabatini.

Lakini kuna hasara yake, na ndiyo iliyonifanya nichague mada hii. Kitu cha kiwandani kikisahauliwa na watu, kiwanda kitakitangaza tena, maana kinataka faida. Kitu kisicho na kiwanda kikisahauliwa na watu, hakuna wa kukikumbusha. Kimekwisha.

Nani ananiambia kwamba mchezo unaweza kwisha? Wenyewe waliotujengea Kibaha.

Kibaha, kama tunavyojua, ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Sifa yake ya kwanza ni elimu. Mwaka 1963 nchi za Nordic, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilianza hapo mradi mkubwa pamoja na Tanganyika: shule, hospitali, na mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 mradi ukakabidhiwa kwa Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Vijana wengi waliopita pale wamekuwa wahandisi, madaktari na viongozi.

Sasa, mababu wa hao wafadhili walikuwa nao na bao lao. Liliitwa hnefatafl. Mfalme alikaa katikati ya ubao na watu wake wachache, na maadui wakamzunguka kutoka pande zote. Kete zake zimefukuliwa katika makaburi ya kale ya watu wa kaskazini, zimetengenezwa kwa mfupa, kioo na mawe. Walizikwa nazo, ishara kwamba walizithamini. Kisha sataranji ikaja, ikapendwa na wakubwa, na ule wa zamani ukaachwa kidogo kidogo. Hakuna aliyetoa amri ya kuufuta. Wazee waliacha kuwafundisha vijana, basi.

Mwaka 1732 mtaalamu wa mimea wa Sweden, Carl Linnaeus, alisafiri katika nchi ya Wasami kaskazini ya mbali, akawakuta wakicheza mchezo wa ukoo huo uitwao tablut. Akaandika sheria zake kwa Kilatini katika kitabu chake cha safari. Maandishi hayo machache ya mpita njia ndiyo msingi mkubwa wa yote yanayojulikana leo juu ya namna ulivyochezwa. Na yalipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1811, makosa ya tafsiri yakazaa ubishi mpya juu ya sheria. Makumbusho yana kete, yana vipande vya ubao, lakini kwa habari ya uchezaji watu wanakisia na kubishana.

Ndugu msikilizaji, hilo ndilo neno la Kibaha. Ubao unaweza kukaa kaburini miaka elfu ukafukuliwa mzima. Sheria hazifukuliwi. Zinakaa mdomoni mwa mtu, na mtu huyo akienda nazo, zimekwenda.

Je, sisi tumefika huko? Hapana, hatujafika. Lakini dalili zipo. Pita vijiwe vya Kibaha Maili Moja au vya Kisarawe mjini, uhesabu. Utakuta vijana kwenye drafti na kwenye simu. Kwenye bao utakuta zaidi mvi.

Kuhusu drafti sina ugomvi nayo hata kidogo. Ni ushahidi kwamba mikono yetu haijalala. Mfuniko wa chupa wenye meno ulibuniwa na William Painter wa Baltimore, Marekani, akaupatia hataza mwaka 1892, na yeye alikuwa akiwaza namna ya kuzuia gesi isitoke ndani ya chupa. Kijana wa kwetu akauokota chini ya meza ya baa, akaona kete. Kipande cha plaiwudi au boksi, penseli, rula, rangi kidogo: miraba 64, kete 12 kwa kila upande. Huyu vizibo vimetazama juu, yule vimetazama chini, au huyu anatumia vya soda na yule vya bia. Hakuna aliyewafundisha ubunifu huo darasani. Basi kijana anayeweza kutengeneza drafti kwa takataka hashindwi kutengeneza bao. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba linamhusu.

Na kwa nini hakuambiwa? Naona sababu tatu.

Ya kwanza ni jina baya. Tulikubali kwamba bao ni mchezo wa mtu asiye na kazi. Ilipokuja operesheni ya Nguvu Kazi mwaka 1983, ya kuwaondoa mijini walioitwa wazururaji, kukaa kijiweni saa za kazi kukawa jambo la kutolewa maelezo. Jambo la kufanya kazi silipingi. Lakini tulichanganya mambo mawili, saa ya kucheza na thamani ya mchezo. Sataranji nayo huchezwa na watu waliokaa chini, lakini hakuna anayemwita bingwa wa sataranji mzururaji.

Ya pili ni mlango mwembamba. Bao la pwani limekuwa la wanaume watu wazima. Mtoto hutazama kwa mbali, na akisogea hutumwa maji. Msichana hata kutazama hakaribishwi. Mchezo unaofunga mlango kwa nusu ya nyumba unashangaaje ukikosa warithi?

Ya tatu ni mti. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani, imekatwa kwa muda mrefu kwa ajili ya mkaa wa kupikia wa Dar es Salaam. Mninga uliokomaa hauonekani ovyo, na ni haki ulindwe. Gogo ambalo lingekaa barazani vizazi vitatu likiwa bao, linawaka jikoni kwa siku chache tu. Na fundi asiyepata mti huweka tezo chini, akatafuta riziki nyingine.

Wasikilizaji wengine watauliza: sasa wewe unataka tufanye nini, tuandamane kwa ajili ya bao? La hasha. Nina mambo madogo tu, na yote yanawezekana bila mfadhili.

Shule ianze na udongo. Mwalimu wa darasa la nne awatoe watoto nje, wavulana na wasichana, wachimbe mashimo 32 wawili wawili, waokote kokoto 64. Katika nusu saa watakuwa wamejumlisha, wametoa na wamegawa zaidi ya ukurasa mzima wa kitabu cha hesabu, na hakuna atakayesinzia. Waanze na bao la kujifunza, kama walivyoanza babu zao.

Kisha karakana ipokee kazi. Mwaka 1967 tulitangaziwa Elimu ya Kujitegemea, kwamba shule itoe kitu kwa mikono yake. Kuanzia mwaka 1975 tukawa na vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa kwa msaada wa Sweden na kwa mfano wa vyuo vya huko, na kimoja kiko Kibaha. Kijana anayejifunza useremala hujaribiwa kwa stuli na fremu ya dirisha. Ajaribiwe pia kwa bao. Kuchonga mashimo 32 yanayolingana, nyumba 2 mahali pake, na uso usio na ufa ni mtihani mgumu kuliko stuli. Wala hana haja ya kuangusha mninga wa msituni. Atumie vipande vinavyobaki kwenye viwanda vya mbao, atumie mwembe uliozeeka, na apande mti mwingine badala yake.

Na mzee aitwe darasani. Tunaye pale barazani, ana sheria zote kichwani, za kunamua, za mtaji, za kutakata, za nyumba, pamoja na yale mabishano ya mtaa huu na ule juu ya lipi halali na lipi haramu. Aketi na watoto saa moja kwa wiki, na mwalimu wa Kiswahili aandike anayosema. Lipo Shirikisho la Mchezo wa Bao Tanzania, SHIMBATA, na ni vema. Lakini shirikisho husimamia mashindano ya wanaojua tayari. Wa kuwafanya wajue ni sisi tulioko nyumbani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wengi wetu tunaisikia methali hiyo tukidhani ahadi imo kwa yule anayecheza. Mimi naisikia ikiwadai wale wanaotazama. Kutunza ni kazi ya waliosimama pembeni ya uwanja, na kwa bao hao ni mimi na wewe.

Hivyo basi, ukirudi nyumbani jioni ya leo, kama una baba, babu au mjomba anayejua bao, usimpe shikamoo ukapita. Kaa kwenye ukingo wa baraza umwulize kete ngapi zinaanzia katika nyumba. Akikujibu sita, mwulize kwa nini. Nakuhakikishia hutaondoka mapema.

Kwa leo naishia hapo, ndugu msikilizaji. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaaliwa.